Jagadish Chandra Bose na Baragumu la Mawimbi

Utangulizi

Juu ya mapaa ya nyumba nyingi katika miji yetu huonekana sahani za kunasia matangazo ya televisheni kutoka kwenye setilaiti. Wengi wetu huitazama sahani hiyo na kudhani kwamba ndiyo antena. Kwa hakika, sahani ni kioo tu cha kuakisi mawimbi. Kinachoyapokea ni kile kifaa kidogo kilichoshikizwa kwenye ncha ya mkono ulio mbele ya sahani, na ndani yake mna mdomo uliopanuka mithili ya mdomo wa tarumbeta. Wahandisi hukiita kifaa cha aina hii antena ya pembe. Katika makala hii tutakiita baragumu, kwa sababu mbili. Kwanza, neno pembe tayari limebeba mzigo mkubwa katika lugha yetu: kuna pembe ya mnyama, pembe ya chumba na pembe ya kijiometria inayopimwa kwa digrii. Katika mjadala unaozungumzia digrii, neno hilo laweza kumkanganya msomaji. Pili, jina baragumu linabeba sifa ya kifaa chenyewe. Mpigaji hupuliza pumzi katika tundu jembamba, nayo hutoka kupitia kinywa kipana na kufika mbali kuliko ambavyo mdomo mtupu ungeweza kuipeleka.

Mtu wa kwanza kulitumia baragumu la namna hii kwa mawimbi ya redio alikuwa mwalimu wa chuo katika jiji la Calcutta, Uhindi, wakati nchi hiyo ilikuwa koloni la Uingereza. Jina lake ni Jagadish Chandra Bose. Makala hii inadhamiria kusimulia maisha yake kwa muhtasari, kisha kueleza kifaa chake na jinsi waliomfuata walivyojifunza kukirekebisha. Aidha, tutaligusia jambo ambalo kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili lina uzito wa pekee: nafasi ya lugha ya mama katika maisha ya mwanasayansi huyu.

Malezi na Lugha ya Kwanza

Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 katika jimbo la Bengal, katika sehemu ambayo leo imo nchini Bangladesh. Babake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa afisa katika utawala wa kikoloni na mfuasi wa Brahmo Samaj, kundi la Wahindi waliotaka kuleta mageuzi katika dini na jamii yao. Katika zama hizo, kila mzazi wa tabaka lake aliyejiweza alimpeleka mwanawe moja kwa moja katika shule ya Kiingereza. Kiingereza kilikuwa ufunguo wa kazi na ngazi ya heshima. Mzee Bhagawan aliyajua hayo vyema, maana yeye mwenyewe alikula mkate wa serikali hiyo. Hata hivyo, alishikilia kwamba mtoto sharti aijue lugha yake na watu wake kabla ya kuijua lugha ya mtawala. Akampeleka Jagadish katika shule ya Kibengali.

Huko shuleni, mwana wa afisa aliketi kati ya mwana wa mtumishi Mwislamu wa babake na mwana wa mvuvi. Kutoka kwao alisikia habari za ndege, wanyama na viumbe wa majini, na yeye mwenyewe alikuja kueleza utu uzima wake kwamba hamu yake ya kuchunguza maumbile ilichipuka hapo. Kulikuwa na mwalimu mwingine asiyekuwa na cheti. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kuwa jambazi. Mzee Bhagawan alikuwa amemhukumu kifungo, naye alipotoka gerezani na kukosa riziki, hakimu yuleyule alimpa kazi nyumbani kwake. Kazi yake ilikuwa kumbeba Jagadish begani hadi shuleni, na njiani alimsimulia visa vya maisha yake ya zamani. Jioni, mtoto huyo alitazama michezo ya jukwaani iliyotokana na utendi wa Mahabharata. Miongoni mwa mashujaa wote, alimpenda Karna, yule aliyedharauliwa kwa sababu ya ukoo wake na kushindwa vitani, lakini asiivunje heshima yake. Msomaji atauona mfano wa Karna mara kwa mara katika yatakayofuata.

Baadaye Jagadish alihamia Calcutta na kuingia shule ya St Xavier's, kisha chuo cha jina hilohilo, ambako kasisi Mjesuti, Eugène Lafont, alimfundisha sayansi kwa majaribio yaliyofanywa mbele ya darasa. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1879. Mwaka 1880 alisafiri kwenda Uingereza kusomea udaktari, ila maradhi ya homa yalimwandama hadi akalazimika kuyaacha masomo hayo. Alihamia chuo cha Christ's College, Cambridge, akasoma sayansi asilia. Miongoni mwa walimu wake alikuwemo Lord Rayleigh, mmojawapo wa mabingwa wakubwa wa nadharia ya mawimbi. Kufikia mwaka 1884 alikuwa amepata shahada kutoka Cambridge na London.

Mshahara Uliokataliwa

Bose alirejea nyumbani akiwa na barua ya kumtambulisha kwa Lord Ripon, aliyekuwa mwakilishi wa malkia nchini Uhindi. Licha ya barua hiyo, maafisa wa elimu katika Bengal hawakutaka kumwajiri. Iliaminika miongoni mwao kwamba Mhindi anafaa kwa falsafa na lugha, lakini hana akili ya kufundisha sayansi zinazohitaji vipimo. Baada ya shinikizo kutoka juu, alipewa nafasi ya kufundisha fizikia katika Presidency College. Nafasi hiyo ilikuwa na mtego ndani yake. Kwa mujibu wa kanuni za wakati huo, Mhindi alilipwa theluthi mbili ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ileile. Na kwa kuwa Bose aliajiriwa kwa muda, hata hizo theluthi mbili zilikatwa nusu. Akabaki na theluthi moja.

Bose hakugoma, wala hakujiuzulu. Aliendelea kufundisha kila siku, na kila mwezi alikataa kupokea mshahara. Hali hii ilidumu kwa miaka mitatu. Tukumbuke kwamba huyu hakuwa mtu aliyekuwa na akiba. Babake alikuwa amezama katika madeni yaliyotokana na miradi aliyoianzisha ili kuwainua watu wake, na mwana ndiye aliyetarajiwa kuyalipa. Isitoshe, mwaka 1887 alimwoa Abala Das, mwanamke msomi ambaye baadaye alisifika kwa juhudi zake za kuwaelimisha wasichana na wajane. Nyumba hiyo changa iliishi kwa kujinyima. Mwishowe wakuu walisalimu amri. Alithibitishwa kazini na kulipwa mshahara kamili kwa miaka yote mitatu iliyopita. Fedha hizo alizitumia kulipa madeni ya babake. Penye nia pana njia, japo njia nyingine hupitia kwenye njaa.

Chumba Kidogo na Mawimbi Mafupi

Chuo hakikuwa na maabara ya utafiti. Bose alijitengea chumba kidogo mno kilichopakana na msala, akamfunza fundi wa bati wa mjini kumtengenezea vifaa, na gharama akazilipa kutoka mfukoni mwake. Siku ya kutimiza miaka 36, tarehe 30 Novemba 1894, alijiwekea ahadi ya kuyatoa maisha yake kwa utafiti.

Ili kuielewa kazi aliyoichagua, yafaa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1888 Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa amethibitisha kwamba mawimbi ya sumaku-umeme yapo, na kwamba yana tabia za mwanga: huakisiwa, hupindwa na huweza kukusanywa. Tatizo la Hertz lilikuwa ukubwa. Mawimbi aliyoyatumia katika majaribio hayo yalikuwa na urefu wa takriban sentimita 66. Kwa hivyo vioo vyake vya kuakisi vilikuwa na kimo cha mita 2, na prizimu ya lami aliyoitumia kuyapinda mawimbi ilikuwa na uzito uliozidi nusu tani. Atakaye kuchunguza tabia za mawimbi marefu hana budi kuwa na vifaa vikubwa, kama vile atakaye kupima gogo asivyoweza kutumia mizani ya sonara.

Bose, mwenye chumba kidogo na pesa kidogo, aliligeuza tatizo hilo. Badala ya kuvikuza vifaa, aliyafupisha mawimbi. Alitengeneza chombo ambamo cheche za umeme ziliruka kati ya vipande vidogo vya metali, akapata mawimbi yenye urefu wa kati ya milimita 25 na milimita 5. Mawimbi ya milimita 5 hutetemeka mara bilioni 60 kwa sekunde. Yale ya milimita 25 hutetemeka mara bilioni 12, na huo ndio ukanda unaotumiwa leo na setilaiti nyingi za televisheni. Kwa maneno mengine, matangazo yanayozifikia sahani tulizozitaja mwanzoni husafiri kwa mawimbi ya kimo kilekile ambacho Bose alikuwa akikichezea katika chumba chake.

Kwa mawimbi mafupi hivyo, maabara nzima ya mwanga iliweza kuwekwa juu ya meza. Bose alipima jinsi salfa na kioo zinavyoyapinda mawimbi. Alitumia fuwele kuchunguza mwelekeo wa mtetemo wake. Alipohitaji kichujio cha kupitisha mtetemo wa mwelekeo mmoja pekee, alichukua kitabu cha ratiba za treni, akaweka karatasi nyembamba za metali kati ya kurasa zake, na kitabu kikawa kifaa cha fizikia. Alisokota nyuzi za juti, zao la mashamba ya Bengal, ili kuonyesha jinsi vitu vyenye umbo la msokoto vinavyougeuza mwelekeo wa mtetemo. Mwezi wa Mei 1895 aliwasilisha makala yake ya kwanza mbele ya Asiatic Society of Bengal, na mwaka 1896 Chuo Kikuu cha London kilimtunukia shahada ya udaktari wa sayansi. Katika maonyesho ya hadhara mjini Calcutta mwaka 1895, mawimbi yake yalipenya ukuta na miili ya watu, yakapiga kengele na kulipua baruti upande wa pili.

Baragumu na Ruwaza Yake

Tarehe 29 Januari 1897, Bose alisimama mbele ya wasomi wa Royal Institution, London, na kuwaonyesha vifaa vyake. Upande wa kutoa mawimbi palikuwa na bomba fupi la metali lililoyaongoza mawimbi nje. Upande wa kuyapokea palikuwa na kifaa chenye umbo la piramidi iliyo wazi, kinywa kipana kikiyaelekea mawimbi na shingo nyembamba ikielekea kwenye kitambuzi. Bose alikichukulia kuwa faneli ya kukusanyia mawimbi. Wahandisi wa leo wakiutazama mchoro wake hutambua mara moja kwamba hilo ni baragumu la piramidi, la kwanza katika historia.

Je, faneli hiyo ilikuwa na faida gani? Faida zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kwamba kinywa kipana hukusanya nishati nyingi kuliko tundu dogo. Ya pili ni kwamba mawimbi yakifika ghafla kwenye mwisho wa bomba lililokatwa wima, sehemu yake hurudi yalikotoka. Bomba likipanuka polepole, mawimbi huingia au kutoka bila ya kushtuka. Ya tatu, ambayo kwa Bose ilikuwa muhimu mno, ni kwamba kuta za baragumu hukikinga kitambuzi dhidi ya mawimbi yanayozagaa kutoka pembeni. Kitambuzi chake kilikuwa chepesi kuathirika, na bila kinga hiyo kingeitikia kila cheche iliyoruka chumbani.

Faida hii ya tatu ndiyo inayotufikisha kwenye dhana ya ruwaza ya mnururisho. Hakuna antena inayotoa mawimbi kwa usawa pande zote. Kila moja ina ruwaza yake, yaani ramani inayoonyesha ni upande gani mawimbi hutoka kwa nguvu na ni upande gani hutoka kwa unyonge. Ruwaza hiyo haibadiliki antena inapotumiwa kupokea: pale inaponena kwa sauti kubwa ndipo pale inaposikia vizuri. Anayebuni baragumu, kwa hivyo, hubuni ruwaza, na ana mambo matatu ya kuamua: upana wa kinywa, kimo cha kinywa, na urefu kutoka shingoni hadi kinywani.

Jambo la kwanza linalomshangaza mwanafunzi ni kwamba kinywa kikipanuliwa, mwale hupungua upana. Kinywa chenye upana wa mara 2 ya urefu wa wimbi hutoa mwale wa takriban digrii 25 hadi 40. Kikifikia mara 10, mwale huwa wa takriban digrii 5 hadi 8. Sababu yake ni kwamba mawimbi yanayotoka sehemu mbalimbali za kinywa hukutana mbele na kuungana, ilhali yakielekea kando huachana hatua na kufutana. Kinywa kinapokuwa kipana, kuachana huko huanza mapema, karibu na mstari wa katikati. Aidha, kwa kuwa upana na kimo huathiri pande tofauti, mhandisi anaweza kukifanya kinywa kirefu na chembamba na kupata mwale uliotandaa upande mmoja na kubana upande wa pili, kama upepeo.

Hata hivyo, kupanua kuna mpaka wake. Wimbi linalopitia kando ya ukuta husafiri njia ndefu zaidi kuliko lile linalopita katikati. Likichelewa sana, nguvu hupungua badala ya kuongezeka. Kwa baragumu lenye urefu fulani, nguvu za mbele hufikia kilele wakati ucheleweshaji huo ni takriban robo ya urefu wa wimbi katika upande wa uga wa umeme, na thumni tatu katika upande wa uga wa sumaku. Anayetaka kupanua zaidi hana budi kulirefusha baragumu lenyewe, au kuweka lenzi kinywani ili kuyasawazisha mawimbi yaliyopishana.

Bose mwenyewe hakuandika kanuni hizi. Mwaka uleule wa 1897, mwalimu wake Lord Rayleigh alichapisha hesabu za jinsi mawimbi yanavyopita katika mabomba. Nadharia na kifaa vilizaliwa pamoja, kisha vikasahauliwa kwa karibu miaka 40. Ulimwengu ulikuwa umeingia katika mawimbi marefu yaliyoweza kuvuka bahari, na hakuna aliyehitaji faneli ya milimita. Katika miaka ya 1930, Wilmer Barrow na George Southworth, kila mmoja mahali pake nchini Marekani, waliyafufua mabomba na mabaragumu, na nadharia ya kina ikaandikwa. Ndipo mbinu za kuirekebisha ruwaza zilipoanza kukua. Kuta zikitiwa bawaba, kinywa huweza kupanuliwa na kubanwa bila ya kubadilisha kifaa. Lenzi iliyo kinywani ikisogezwa mbele au nyuma, mwale hukusanyika au kutawanyika. Katika miaka ya 1960 ilibainika kwamba kuchonga mifereji myembamba katika kuta za ndani huufanya mwale uwe na umbo lilelile pande zote na hupunguza ndimi za kando zinazopoteza nguvu na kuokota kelele.

Matunda yake yalikuwa makubwa. Mnamo Machi 1951, Harold Ewen na Edward Purcell walichomoza baragumu la mbao lililotandazwa shaba kupitia dirisha la maabara ya Harvard, wakawa wa kwanza kuyanasa mawimbi ya haidrojeni kutoka katika galaksi yetu. Mvua iliponyesha, maji yalitiririka chumbani kupitia kinywa hicho. Mwaka 1964, Arno Penzias na Robert Wilson walitumia baragumu kubwa huko Holmdel, New Jersey, lenye kinywa cha takriban mita 6, wakasikia mvumo usiokoma kutoka pande zote za anga. Walisafisha hata kinyesi cha njiwa waliojenga kiota ndani yake, lakini mvumo ukabaki. Kwa kuwa waliielewa vyema ruwaza ya baragumu lao, waliweza kusema kwa yakini kwamba sauti hiyo haikutoka ardhini. Ilikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Hataza Asiyoitaka

Turudi kwa Bose. Mwaka 1899 aliieleza Royal Society aina mpya ya kitambuzi kilichotumia zebaki na simu, kisichohitaji kugongwagongwa ili kirudie hali yake baada ya kupokea ishara. Alipokuwa London mwaka 1901, mwenye kampuni tajiri ya telegrafu alimwendea akimsihi asiyafichue matokeo yake katika mhadhara, ili achukue hataza na wagawane faida. Bose alikataa. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake, mshairi Rabindranath Tagore, alieleza jinsi tamaa ya fedha aliyoiona huko ilivyomchukiza, na hofu yake kwamba akinaswa nayo hatatoka tena. Wenzake wawili, Sara Bull wa Marekani na Sister Nivedita, walimshawishi mwaka huohuo aombe hataza moja ya kitambuzi. Ilitolewa Marekani tarehe 29 Machi 1904. Hakuitumia kujipatia mali, akaiacha ipitwe na wakati.

Hapa hatuna budi kuwa waadilifu. Wapo wanaodai kwamba Bose ndiye mvumbuzi wa redio aliyeibiwa haki yake. Dai hilo huzidisha. Bose hakunuia kutengeneza mtambo wa kupeleka habari mbali. Kazi hiyo ina wengi waliochangia, wakiwemo Oliver Lodge, Aleksandr Popov na Guglielmo Marconi. Upande wa pili, ni kweli vilevile kwamba kwa kutojali hataza, Bose aliliacha jina lake litoweke katika vitabu vya uhandisi kwa miongo mingi. Je, alikuwa sahihi? Msomi anayetoa maarifa bure huwatajirisha wengi, lakini huenda pia akawapa wenye nguvu silaha ya kuwapita watu wake. Maisha ya Bose hayalijibu swali hili. Yanaonyesha tu kwamba aliyekataa theluthi moja ya mshahara kwa sababu ilikuwa ndogo kuliko haki yake, alikataa pia utajiri uliokuwa mkubwa kuliko haja yake.

Mimea, Taasisi na Kalamu ya Kibengali

Baada ya mwaka 1900 Bose aliyaacha mawimbi hatua kwa hatua na kugeukia uhai. Alitaka kuonyesha kwamba mimea, sawa na wanyama, huitikia inapoguswa, inapochomwa na inapotiwa sumu. Alibuni kreskografu, chombo kilichoukuza mwendo wa kukua kwa mmea mara 10,000 ili macho yauone. Wanafiziolojia wa London walimpokea kwa ukali, na mwaka 1901 makala yake iliwekwa kando. Baadhi ya hitimisho zake kuhusu hisia za mimea zingali zinabishaniwa, ila vipimo vyake vya ishara za umeme ndani ya mimea vilifungua njia ambayo watafiti bado wanaifuata. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1917, na mwaka 1920 akateuliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Tarehe 30 Novemba 1917, siku yake ya kuzaliwa, alifungua Taasisi ya Bose mjini Calcutta na kutangaza kwamba uvumbuzi wake utakuwa mali ya umma, bila hataza.

Makala zake za kisayansi aliziandika kwa Kiingereza, kwa kuwa waamuzi wake waliketi London. Lakini hakuitupa lugha ya shule ile ya kwanza. Mwaka 1896, akiwa katikati ya majaribio ya mawimbi, aliandika kwa Kibengali hadithi ya kubuni ya kisayansi kuhusu kimbunga kinachotulizwa baharini na chupa ya mafuta ya nywele. Huhesabiwa miongoni mwa hadithi za mwanzo za aina hiyo katika fasihi ya Kibengali. Mwaka 1911 aliongoza mkutano wa fasihi ya Kibengali huko Mymensingh, akazungumzia uhusiano wa sayansi na fasihi. Mwaka 1921 alichapisha Abyakta, mkusanyiko wa insha zake za Kibengali, ambamo aliisimulia sayansi kwa msomaji wa kawaida. Aliaga dunia tarehe 23 Novemba 1937 mjini Giridih, siku chache kabla ya kutimiza miaka 79.

Hitimisho

Mkataa kwao mtumwa, wahenga walinena. Bose hakukikataa Kiingereza, wala hakuukataa ulimwengu. Alichokataa ni kuamini kwamba njia ya kuufikia ulimwengu sharti ianze kwa kuwapa kisogo mwana wa mvuvi na mwana wa mtumishi. Katika nchi yetu, Kiswahili ni lugha ya taifa na, tangu Katiba ya 2010, ni lugha rasmi pia. Hata hivyo, fizikia ya shule ya upili ingali inafundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi tunapodai kwamba Kiswahili hakiwezi kuieleza sayansi, huwa hatujajaribu. Mwandishi wa makala hii alijaribu. Maneno ruwaza, mnururisho, uga na hataza yalikuwepo yakingoja kutumiwa. Neno baragumu limependekezwa hapa, na wenye rai bora zaidi waileta katika toleo lijalo.

Baragumu lina shingo nyembamba na kinywa kipana. Likikatwa shingo, halina pa kupulizia, na likikatwa kinywa, halisikiki mbali. Jagadish Chandra Bose alipulizia kutoka katika shule ndogo ya Kibengali, na mlio wake ulisikika London.